Utafiti wa Carl Erik Mogensen kuhusu figo na kisukari

Utafiti wa Carl Erik Mogensen kuhusu figo na kisukari ni kazi ya kitabibu iliyofanywa na daktari huyo wa Denmark katika mji wa Aarhus, hasa katika miaka ya 1970 na 1980. Kazi hiyo ilionyesha kwamba madhara ya kisukari kwenye figo yanaweza kutambuliwa miaka mingi kabla ya mgonjwa kuhisi dalili yoyote, na kwamba kasi yake inaweza kupunguzwa.

Usuli

Kila figo ina vichujio vidogo karibu milioni moja, vinavyoitwa glomeruli. Vichujio hivyo hupitisha maji na takataka za mwili, lakini huzuia protini kubwa za damu kama vile albumini. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu kuta za vichujio, na albumini huanza kuvuja kwenye mkojo.

Mwaka 1936 Paul Kimmelstiel na Clifford Wilson walieleza vinundu vilivyoonekana katika figo za wagonjwa wa kisukari waliofariki. Hata hivyo, kwa miongo kadhaa baadaye madaktari waligundua tatizo pale tu kipimo cha kawaida cha mkojo kilipoonyesha protini nyingi. Wakati huo figo zilikuwa zimeshaharibika sana.

Uvujaji mdogo wa albumini

Mogensen alitumia vipimo vya maabara vyenye uwezo wa kupima kiasi kidogo sana cha albumini. Mwaka 1984 alichapisha katika jarida The New England Journal of Medicine matokeo ya kufuatilia kwa miaka 9 wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili wenye umri wa miaka 50 hadi 75. Wale ambao mkojo wao ulikuwa na albumini kidogo tu, kiasi ambacho kipimo cha kawaida hakikuweza kukiona, walielekea zaidi kupata ugonjwa wa wazi wa figo, tena walifariki mapema zaidi. Hali hiyo huitwa mikroalbuminuria. Mwaka 1982 watafiti wa London, akiwemo Giancarlo Viberti, walikuwa wamepata matokeo ya namna hiyo kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza.

Hatua tano

Mwaka 1983 Mogensen na wenzake waligawa ugonjwa huo katika hatua tano:
1. Figo huwa kubwa na huchuja kupita kiasi.
2. Vichujio huanza kubadilika, lakini albumini haijaongezeka.
3. Mikroalbuminuria hutokea.
4. Protini nyingi huonekana kwenye mkojo, na uwezo wa kuchuja hupungua.
5. Figo hushindwa kufanya kazi.

Matibabu

Mwaka 1982 Mogensen aliripoti kwamba, kwa wagonjwa wachache waliotibiwa shinikizo la juu la damu kwa muda mrefu, kasi ya kupungua kwa uwezo wa figo ilishuka kwa zaidi ya nusu. Mwenzake wa Denmark, Hans-Henrik Parving, alipata matokeo yanayofanana. Kabla ya hapo, kushindwa kwa figo kulichukuliwa kuwa mwisho usioepukika kwa wagonjwa hao. Majaribio makubwa yaliyofuata, kama lile la dawa ya captopril mwaka 1993, yalithibitisha faida ya tiba hiyo.

Umuhimu na mipaka

Siku hizi watu wenye kisukari cha aina ya pili hushauriwa kupima albumini ya mkojo kila mwaka tangu ugonjwa unapogunduliwa, na wale wa aina ya kwanza baada ya miaka 5. Kipimo hicho ni muhimu zaidi mahali ambapo kusafisha damu kwa mashine au kupandikiza figo ni ghali au hakupatikani, kwa kuwa mgonjwa aliyechelewa hubaki na njia chache za kuokoa maisha yake.

Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba si kila mgonjwa hupitia hatua zote tano. Kwa wengine albumini hurudi katika kiwango cha kawaida, na wengine hupoteza uwezo wa figo bila albumini kuongezeka. Kwa sababu hiyo kipimo cha mkojo huambatanishwa na kipimo cha kreatinini katika damu.