Mwethya: Imani Inayobeba Mawe

Katika lugha ya Kikamba kuna neno mwethya, ambalo wanafunzi wanaotoka Kitui na Makueni hulitafsiri haraka kuwa "kikundi cha kujisaidia". Tafsiri hiyo haitoshi. Mwethya ni watu waliokusanyika kuifanya kazi ya mwenzao leo, hali wakijua kwamba kesho zamu itahamia kwa mwingine. Kiswahili nacho kina ujima na msaragambo, ila maneno hayo siku hizi yanaishi zaidi kamusini kuliko vinywani. Ukambani neno lao li hai, na aghalabu wanaolihuisha ni wanawake.

Nimelikumbuka neno hili kwa sababu kila tunapozungumzia kanisa na haki, macho yetu huwaelekea maaskofu na nyaraka zao za kichungaji. Nyaraka hizo zilihitajika sana katika miaka ya tisini, na sizibezi hata kidogo. Hata hivyo, kuna mahubiri mengine ambayo hayasomwi mimbarini. Yameandikwa kwa mawe na saruji katika mito ya msimu.

Tangu wamisionari wa Africa Inland Mission walipofungua kituo chao cha kwanza Nzaui, Makueni, mwaka 1895, Ukristo umeota mizizi katika nchi ambayo mvua zake hazitegemeki. Wakamba wana desturi ya kuipa kila njaa kubwa jina. Ile ya mwaka 1984 waliiita Nikw'a Ngwete, yaani "nafa nami nimeshika", kwa maana kwamba mtu alikuwa na fedha mkononi lakini chakula cha kununua hakikuwapo. Katika nchi kama hiyo, kuombea mvua ni sehemu ya ibada. Swali ni nini kifanyike mvua ikishanyesha.

Jibu mojawapo ni bwawa la mchanga. Ukuta hujengwa juu ya mwamba kukatiza mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga, ukajaa nyuma ya ukuta, na maji yakajificha ndani yake. Yanaweza kufikia asilimia 40 ya ujazo wa mchanga huo, tena jua haliyafikii. Shirika la Utooni, lililoanzishwa na Joshua Mukusya na wenzake mwaka 1978, liliieneza kazi hii Machakos na Makueni, nao Wamenoni wakaiunga mkono. Huko Kitui, shirika la SASOL limejenga mabwawa ya namna hiyo kwa mamia. Lakini mashirika hayabebi mawe. Wanaoyabeba, wanaochimba matuta mlimani ili udongo usichukuliwe na maji, ni wanamwethya, na wengi wao ni akina mama walewale tunaowaona Jumapili kanisani. Waraka wa Yakobo unadai imani ionekane kwa matendo. Sijui tendo lililo wazi kuliko hilo.

Ni suala la haki, kwa kuwa mzigo wa maji huelemea mgongo wa mwanamke na wa bintiye. Mwalimu anayeita majina asubuhi na kukuta wasichana wawili watatu hawapo hahitaji kuelezwa zaidi.

Ni suala la amani pia, na hapa ndipo penye uchungu. Mchanga uleule unaohifadhi maji hutakiwa na wajenzi wa Nairobi. Malori huja, vijana wasio na ajira hupata ujira wa kuyapakia, na mto hubaki mwamba mtupu. Ugomvi wa mchanga umekwisha kuua watu Makueni, hata serikali ya kaunti ikatunga sheria ya kuulinda mwaka 2015. Sheria ni jambo jema. Lakini nani atakayesuluhisha mama anayejenga ukuta ili mchanga ubaki, na mwanawe anayeuchota usiku ili apate karo ya mdogo wake? Wote wawili wanalisha nyumba moja. Upatanisho wa aina hiyo hauwezi kuachiwa polisi.

Makanisa yangeweza kuubeba, lakini mengi yananyamaza. Ni mangapi yaliyowahi kuuliza fedha za harambee zimetoka mto gani? Tena akina mama tunawahesabu mno kama mikono. Wanapika, wanachanga, wanabeba mawe. Kamati ya ardhi inapoketi, au baraza la wazee wa kanisa, viti ni vya wanaume. Katiba ya mwaka 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Kanisa halikupaswa kungoja Katiba ilifundishe jambo hilo.

Injili ya Yohana inasimulia kwamba Yesu alizungumza mambo mazito ya dini na mwanamke Msamaria aliyekuja kuteka maji kisimani, wanafunzi wake wakastaajabu kumkuta akisema na mwanamke. Yule mama aliuacha mtungi wake akaenda mjini kusema. Mwalimu wa somo la dini kule Mwingi au Wote anaweza kuanzia hapo, kwa kuwauliza wanafunzi wake ni nani aliyeteka maji ya nyumbani kwao asubuhi hiyo, na alitembea umbali gani.