Daftari la mfukoni lililogoma kufuta deni

Mfanyabiashara anayevusha vitenge, mchele au vyombo vya plastiki kati ya nchi mbili hubeba vitu viwili anavyovilinda kuliko mzigo wenyewe: fedha na daftari. Fedha zikipotea, hasara inajulikana papo hapo. Daftari likipotea, huondoka na majina ya waliochukua mali kauli, kiasi walichobakiza na siku walizoahidi kulipa. Siku hizi daftari hilo limo ndani ya simu. Simu ikiibiwa stendi au ikitumbukia majini, wadaiwa hawana haraka ya kumkumbusha mwenye mali.

Tatizo hili ni la zamani kuliko simu za mkononi, na miaka 40 hivi iliyopita kampuni moja ya London ililishughulikia kwa namna ambayo hadi leo inafaa kutazamwa. Kampuni hiyo ni Psion. Mwanzilishi wake, David Potter, alizaliwa Afrika Kusini, akasoma Cambridge, akafundisha fizikia katika Imperial College, kisha mwaka 1980 akaacha ualimu na kuingia kwenye biashara. Mwanzoni Psion ilitengeneza programu na michezo kwa ajili ya kompyuta za nyumbani za Sinclair. Mwaka 1984 ikaleta sokoni kitu cha aina nyingine kabisa, ikakiita Organiser.

Kwa macho, Organiser ilifanana na kikokotoo kilichonenepa. Ilikuwa na uzito wa karibu robo kilo na mfuniko mgumu wa kutelezesha uliofunika vitufe, hivyo iliweza kutupwa ndani ya mkoba bila hofu. Kioo chake kilionyesha mstari mmoja tu wa herufi 16. Vitufe vilipangwa kwa mfuatano wa A, B, C, si kama taipureta, kwa hiyo karani aliyezoea kupiga chapa alihangaika, ila asiyewahi kugusa taipureta aliona kila herufi mahali anapoitarajia. Bei ilikuwa pauni 99 za Uingereza.

Kompyuta za wakati huo zilikaa mezani na kumsubiri mwenye kazi aje. Organiser ilitengenezwa kwa mtu ambaye kazi yake haina meza: mwuzaji anayezunguka, fundi anayekwenda nyumba kwa nyumba, mkaguzi wa bohari. Kazi kuu iliyowekewa ilikuwa ndogo mno. Mtu aliandika maelezo mafupi, akayahifadhi, kisha alipoyahitaji akabonyeza kitufe cha kutafuta na kuandika herufi chache. Mashine ilileta kila rekodi yenye herufi hizo, ziwe mwanzoni, katikati au mwishoni.

Mwenye biashara ya kukopesha anaelewa mara moja uzito wa jambo hilo. Daftari la karatasi hupangwa kwa njia moja tu, ama kwa jina ama kwa tarehe. Ukilipanga kwa jina, huwezi kujua haraka ni nani wote waliochukua mchele mwezi uliopita bila kupekua kurasa zote. Kwenye Organiser, neno "mchele" lingewaleta wote mmoja baada ya mwingine, na neno la mji lingewaleta wa mji huo. Hakukuwa na haja ya kuamua mapema kitu kipangwe vipi.

Mwaka 1986 likaja toleo la pili, Organiser II, na hilo ndilo lililoenea. Mistari ya kioo ikawa miwili, ikaongezwa kalenda ya miadi na kengele za kukumbusha. Miaka mitatu baadaye likafuata toleo la mistari minne yenye herufi 20 kila mmoja. Juu ya kifaa palikuwa na tundu ambalo mtu aliweza kuchomeka waya wa kuunganisha na kompyuta au printa, au kifaa cha kusoma bakodi za bidhaa. Betri ilikuwa ile ya mraba ya volti 9, ya aina inayotumika kwenye redio ndogo, na ilidumu wiki nyingi. Hakuna aliyelazimika kutafuta soketi ya umeme jioni.

Toleo hilo lilikuja pia na lugha yake ya kuandikia programu, iliyoitwa OPL. Ilikuwa nyepesi kiasi kwamba mtu asiye mhandisi aliweza kuijifunza mwenyewe kwa kitabu cha maelekezo. Programu ya mistari michache iliweza kuuliza kiasi, ikazidisha kwa kiwango cha kubadilishia fedha, ikatoa gharama ya usafiri na kuonyesha faida. Aliyeiandika mara moja hakurudia hesabu hiyo tena kwa kichwa akiwa amesimama mbele ya mteja mwenye haraka.

Mashirika makubwa yaliona mapema. Maduka ya Marks & Spencer yalizitumia, na idara ya ajira ya serikali ya Uingereza ilichukua zaidi ya 3,000 zikiwa na programu maalumu ya kukokotoa mafao. Watumishi wa idara hiyo hawakuwa watu wa kompyuta. Walijibu maswali yaliyotokea kwenye kioo, na mashine ikatoa jibu ambalo zamani lilihitaji kupekua majedwali.

Lakini sehemu ya Organiser inayostahili kutazamwa kwa makini na mtu anayeuza kwa mkopo haikuwa kioo wala hesabu. Ilikuwa mahali ambapo maandishi yalikaa.

Kifaa kilikuwa na hifadhi za aina mbili, na mwenye kukitumia alitakiwa kuchagua kila mara. Ya kwanza ilikuwa ya ndani, yenye kasi na rahisi kubadilishwa, ila ilitegemea betri. Wakati wa kubadilisha betri kulikuwa na muda mfupi tu wa kuweka mpya kabla kila kitu hakijapotea. Aliyetoa betri ya zamani kabla hajashika mpya mkononi aliweza kubaki na mashine nzima na daftari tupu.

Ya pili ilikuwa vijisanduku vya plastiki vilivyochomekwa nyuma ya kifaa, viwili kwa wakati mmoja, ambavyo Psion iliviita Datapak. Ndani ya kila kimoja mlikuwa na chipu isiyohitaji umeme kutunza kilichoandikwa. Ungeweza kukichomoa, kukitia mfukoni, kukiacha nyumbani kabatini au kumpa mwenzako akichomeke kwenye Organiser yake na kusoma yote. Betri ikifa, kijisanduku hakikujali. Kidogo kabisa kilibeba kilobaiti 8. Kwa simu ya leo hicho ni kiasi cha kuchekwa, lakini kilobaiti 8 ni herufi zaidi ya 8,000. Ukimpa kila mteja herufi 80, yaani jina, mji, mzigo na deni, unapata nafasi ya wateja 100 hivi.

Chipu hizo zilikuwa na tabia moja ya ajabu. Kuandika ziliruhusu, kufuta hazikuruhusu. Mtu alipofuta rekodi, mashine iliitia alama ya kwamba imefutwa na kuacha kuionyesha, lakini nafasi yake haikurudi. Alipobadilisha rekodi, mashine iliitia ya zamani alama na kuandika nyingine mpya mbele yake. Kwa hiyo mdaiwa aliyelipa kidogo kidogo mara sita, na kila mara deni lake likarekebishwa, alikula nafasi ya watu saba.

Kijisanduku kilipojaa kulikuwa na njia moja ya kukisafisha: kukiweka chini ya taa ya mwanga wa urujuanimno, ndani ya mashine maalumu ambayo Psion iliiuza kando. Mwanga huo ulifuta chote kwa pamoja. Hapakuwa na namna ya kufuta nusu, wala ya kufuta deni la mjomba na kuacha la jirani.

Wapo waliouona huo kuwa udhaifu, na kwa kweli uligharimu fedha, maana vijisanduku havikuwa bei ya bure. Mtu wa mahesabu angeuona vingine. Vitabu vya hesabu vinavyoheshimika huandikwa kwa wino, na palipokosewa hupigwa mstari mmoja ili kilichoandikwa awali kisomeke bado. Datapak ilikuwa na kitu kinachokaribia wino. Kidole kilichoteleza, au mtoto aliyechezea vitufe, hakikuweza kuteketeza maandishi yenyewe kwa mguso mmoja.

Waliozijua mashine hizi walizoea kugawa kazi. Mambo yanayobadilika kutwa, kama mzigo uliobaki na mauzo ya siku, waliyaweka kwenye hifadhi ya ndani. Jioni waliyanakili kwenye kijisanduku yakiwa yametulia, wakaokoa nafasi. Baadaye kulikuja pia vijisanduku vya aina nyingine vilivyoweza kufutwa na kuandikwa upya, lakini hivyo navyo vilihitaji betri ndogo ndani yake ili kukumbuka.

Psion haikuishia hapo. Mwaka 1991 ilitoa Series 3, iliyofunguka kama kasha la miwani, ikiwa na vitufe kamili, kioo kipana, kalenda na programu ya kuandikia barua, yote kwa betri mbili ndogo za kawaida. Ilikuwa na orodha ya miji ya dunia, saa zake na namba za kupigia simu nchi mbalimbali. Ilifanya hata jambo ambalo kijana wa leo atadhani ni utani: ulichagua jina la mtu, ukaisogeza kwenye mkono wa simu ya mezani, nayo ikalia milio ya tarakimu na simu ikajipiga.

Upande wa pili wa Atlantiki, mwaka 1996, kampuni ya Palm ya Marekani ilitoa Pilot, kifaa cha kuandikia kwa kijiti juu ya kioo. Inasimuliwa kwamba mbunifu wake, Jeff Hawkins, alitembea kwanza na kipande cha mbao mfukoni, akijifanya anaandika miadi juu yake, ili ajue ukubwa gani haumchoshi mtu. Pilot ilikuwa na kalenda, anwani, orodha ya kazi na maandishi mafupi, na si mengi zaidi. Lakini ilikuja na kibao cha kuipachika mezani chenye kitufe kimoja. Ukikibonyeza, kila kilichomo kwenye Pilot kilinakiliwa kwenye kompyuta, na cha kompyuta kikaja kwenye Pilot. Pilot ikipotea kwenye teksi, mwenyewe alipoteza kifaa tu. Majina yalikuwa nyumbani. Psion nayo ilikuwa na waya wa kuunganisha na kompyuta kwa miaka mingi, ila kunakili kulihitaji subira na hatua kadhaa. Tofauti ya hatua kadhaa na kitufe kimoja ndiyo tofauti ya watu wanaojua kwamba wanapaswa kutunza nakala na watu wanaoitunza kweli.

Mwaka 1998 Psion iliungana na Nokia, Ericsson na Motorola kuunda kampuni ya Symbian, ambayo msingi wake ulikuwa programu endeshi ya vifaa vya Psion. Programu hiyo ikaingia kwenye simu za Nokia, zikiwamo 7650 ya mwaka 2002 na 6600 ya mwaka uliofuata. Aliyewahi kumiliki 6600, ile nene iliyopendwa kutoka Mombasa hadi Kigoma, alikuwa ameshika mjukuu wa Organiser bila kujua. Kalenda na orodha ya majina ndani yake vilikuwa na ukoo London.

Kufikia mwaka 2001 Psion yenyewe ilikuwa imeachana na soko la vifaa vya watu binafsi. Simu zilikuwa zinameza kazi yote.

Zilimeza pia lile chaguo la hifadhi ya ndani au kijisanduku. Simu haikuulizi deni la mteja likae wapi. Huenda liko kwenye laini, huenda kwenye simu, huenda kwenye akaunti ya intaneti ambayo nywila yake aliiweka kijana wa duka la simu siku ya kununua. Wengi hugundua lilikokuwa siku simu inapopotea. Ndiyo maana bado wapo akina mama wa mpakani wanaopokea malipo kwa simu, kisha wanatoa daftari la shule kwenye mkoba na kuandika kwa kalamu. Vijana huwacheka. Mhandisi wa Psion wa mwaka 1984 asingewacheka.

Jina la Psion liliendelea miaka mingine kadhaa kwenye vifaa vigumu vya kazi, vya kushikwa mkononi bandarini na kwenye mabohari, vyenye uwezo wa kuanguka sakafuni na kuendelea kusoma bakodi za mizigo. Mwaka 2012 Motorola Solutions iliinunua kampuni hiyo kwa dola milioni 200 hivi. Karani wa bohari anayepita leo kati ya makontena akielekeza kifaa kinene kwenye kila lebo, kikilia na kuandika, anafanya kazi ileile iliyokusudiwa kwa mashine ya mstari mmoja wa herufi 16: kuandika mali ilipo, akiwa amesimama, mbali na meza.