Afrika ya Kusini: Franschhoek, bonde la divai kwenye bwana na bibi wanaenda kupumzika, na watu wenye kulilima

Tramu inaenda polepole kati ya mistari ya mizabibu. Ndani yake watu wamekaa wawili wawili, bwana na bibi, bila haraka, bila mutoto wa kulia mugongoni. Inasimama kwenye shamba moja, wanashuka, wanaonja divai tatu ao ine, wanakaa chini ya muti. Wakichoka kukaa, wanangojea tramu yenye kufuata iwapeleke shamba lingine. Hiyo ndiyo kazi yote ya siku.

Ni hivi wageni wengi wanapitisha likizo yao Franschhoek, muji mudogo wenye kuzungukwa na milima, karibu kilometa 75 kutoka Cape Town, katika jimbo la Western Cape. Tramu hiyo ilianza mwaka wa 2012, na ilileta dawa kwa tatizo moja la wazi: mutu anaonja divai kutoka asubuhi mpaka jioni, kiisha nani ataendesha gari? Sheria ya Afrika ya Kusini inakataza kuendesha ukiwa na gramu 0,05 ya pombe ao zaidi katika mililita 100 za damu. Glasi chache zinatosha kufika hapo.

Kwa wakaaji wengi wa Kivu ao wa Katanga, wazo lenyewe linaweza kushangaza. Kwetu, bwana na bibi wakipanda gari pamoja kwenda mbali, mara nyingi ni juu ya matanga, ndoa ya ndugu ao matunzo ya hospitali. Kusafiri ili kukaa tu, wawili, mbele ya mulima! Lakini Wakongomani hawakosekani Cape Town. Wengi wanaishi kule tangu miaka ya vita, na kati yao kuna wenye diploma wanaochunga magari ya watu kwenye parkingi. Kutoka Lubumbashi, watu wanajua njia ya ndege ya Johannesburg, na wenye kuvumilia wanajua barabara ya Kasumbalesa kupitia Zambia. Wa Goma na Bukavu mara nyingi wanapitia Kigali. Mwenye pasipoti ya Kongo anapaswa kuomba viza kwanza, na hapo ndipo safari za wengi zinaishia, kati ya karatasi ya benki na karatasi ya kazi.

Mwenye kupata viza achague vizuri mwezi. Kule majira yako kinyume na mazoea yetu: mvua inanyesha wakati wa baridi, kuanzia Mei mpaka Agosti, na kuanzia Desemba mpaka Machi kunakuwa jua kali na ukavu. Mizabibu inapenda hivyo. Maji yanaingia udongoni wakati muti umelala, jua linakuja wakati zabibu zinaiva. Upepo wa kusini-mashariki unavuma na kukausha majani; wakaaji wa zamani waliuita Daktari wa Cape, wakisema unafagia uchafu na magonjwa. Mavuno yanaanza karibu mwisho wa Januari na kuendelea mpaka Aprili, na hicho ndicho kipindi kizuri zaidi kwa wenye kutaka kuona kazi yenyewe, si chupa tu. Mwezi wa Juni na wa Saba kunakuwa mvua na baridi, lakini vyumba vinakuwa bei rahisi, na hoteli zinawasha moto ndani.

Kuonja divai kuna desturi yake. Wanakumiminia kidogo tu chini ya glasi. Unaangalia rangi, unanusa, unazungusha mudomoni, na ukitaka unatema ndani ya chombo chenye kuwekwa mezani. Kutema kinywaji ulicholipia, mbele ya bibi yako, kunaomba moyo kidogo kwa mutu aliyekomalia Primus ao kasiksi. Hata hivyo, wenye kutema ndio wenye kufika shamba la tatu wakiwa bado wanasikia tofauti. Divai nyeupe ya Chenin Blanc ndiyo wanayopaswa kuanza nayo, sababu ndiyo zabibu yenye kulimwa zaidi ya zote katika inchi hiyo. Kiisha waombe Pinotage, nyekundu, ambayo ni mutoto wa kienyeji kabisa: mwaka wa 1925 mwalimu Abraham Perold wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch aliunganisha zabibu mbili za Ufaransa, Pinot Noir na Cinsaut, ambayo kule waliita Hermitage. Jina la Pinotage lilitoka hapo.

Mukongomani aliyesoma Kifaransa atasoma mabango ya mashamba na kufikiri yuko Ulaya: La Motte, La Provence. Lakini akisalimia kwa Kifaransa atajibiwa kwa Kiafrikaans ao Kiingereza. Majina hayo ni ya Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia mateso kisha mufalme Louis wa XIV kufuta, mwaka wa 1685, sheria iliyowalinda. Walifika Cape kuanzia 1688, na Waholandi wakawapa bonde hilo. Franschhoek maana yake ni kona ya Wafaransa. Kwa hiyo, wenye mashamba wa kwanza wa hapa walikuwa wakimbizi, jambo ambalo wasomaji wengi wa Kivu watalielewa haraka. Mbele yao jina lilikuwa Olifantshoek, kona ya tembo. Tembo hawako tena.

Divai yenyewe ilikuwa imewatangulia. Jan van Riebeeck, aliyefungua kituo cha kampuni ya Waholandi mwaka wa 1652, alipanda mizabibu 1655, na tarehe 2 Februari 1659 aliandika kwamba divai ya kwanza ya Cape imekamuliwa.

Hapo ndipo historia yenye kuelezwa kwenye meza ya kuonja inasimama mara nyingi. Mikono iliyochimba, kupanda na kukamua ilikuwa kwa sehemu kubwa mikono ya watumwa. Waliletwa kutoka Madagaska, Mozambiki, India na visiwa vya Indonesia. Mwaka wa 1658, meli ya Waholandi ilifikisha Cape watumwa waliokamatwa ndani ya meli ya Wareno iliyotoka Angola, jirani yetu, na wengi wao walikuwa watoto. Utumwa ulifutwa Desemba 1834, lakini watu hao walilazimishwa kubaki kwa mabwana wao miaka mingine ine. Kwenye barabara ya kutoka Stellenbosch kwenda Franschhoek kuna kijiji cha Pniel, kilichoanzishwa 1843 kama misioni kwa familia za watumwa waliopata uhuru. Magari ya watalii yanakipita kwa dakika chache. Wenye kuwa na nafasi wasimame hapo hata saa moja. Ndiyo sehemu ya bonde yenye kueleza sehemu nyingine zote.

Kisha utumwa kulibaki desturi mbaya yenye kuitwa dop. Mulimaji alilipa sehemu ya mushahara kwa divai, glasi baada ya glasi, siku yote ya kazi. Sheria ilikataza jambo hilo katika miaka ya 1960, lakini mashamba mengine yaliendelea kwa miaka mingi. Matokeo yako hata leo. Maeneo ya divai ya Western Cape ni kati ya yale yenye kuhesabu, duniani pote, watoto wengi zaidi waliozaliwa wakiwa wameharibiwa na pombe ndani ya tumbo la mama.

Mishahara nayo ililipuka. Novemba 2012, katika muji wa De Doorns, kwenye bonde lingine la zabibu za kula, watumishi wa mashamba waligoma. Mushahara wa chini ulikuwa randi 69 kwa siku. Wao waliomba 150. Mugomo ukaenea katika miji mingine ya jimbo, barabara ikafungwa, watu wakakufa. Kuanzia tarehe 1 Machi 2013 serikali iliweka randi 105. Muji huo wa De Doorns ndio uliofukuza, Novemba 2009, Wazimbabwe karibu 3.000 waliokuwa wakifanya kazi kwenye mizabibu, wakashitakiwa kwamba wanakubali kulipwa kidogo. Wakongomani wa Cape Town wanajua lugha hiyo. Waliisikia wao pia mwaka wa 2008, wakati chuki juu ya wageni iliua watu 62 katika inchi hiyo.

Hata hivyo, ni kati ya wageni hao kulitoka hadithi ya kufurahisha. Mwaka wa 2017, Wazimbabwe wane waliokuwa wakihudumia divai katika restora za Afrika ya Kusini, Joseph Dhafana, Tinashe Nyamudoka, Marlvin Gwese na Pardon Taguzu, walienda Ufaransa, jimbo la Bourgogne, kushindana katika muchezo wa dunia wa kutambua divai bila kuona chupa. Hawakushinda. Lakini Nyamudoka na Dhafana leo wana divai zenye kubeba majina yao wenyewe waliyochagua, Kumusha na Mosi.

Ntsiki Biyela naye alitoka KwaZulu-Natal mwaka wa 1999 na bursi ya kusomea divai Stellenbosch, bila kuwa ameionja mbele ya hapo. Akawa mwanamuke mweusi wa kwanza wa inchi hiyo kutengeneza divai kama fundi mukubwa, na leo ana kampuni yake, Aslina, jina la nenne yake aliyemulea.

Karibu na Franschhoek, kwenye barabara ya Paarl, kuna gereza lenye kuitwa leo Drakenstein. Zamani lilikuwa Victor Verster. Ni kwenye mulango huo Nelson Mandela alitoka kwa miguu tarehe 11 Februari 1990, akishikana mukono na bibi yake Winnie, kisha miaka 27 ya kifungo. Sanamu yake imesimama hapo, ngumi juu, mbele ya milima ileile yenye wageni wanapiga picha.

Kwa wenye kununua chupa ya kurudi nayo nyumbani, kuna jambo moja la kuangalia. Shirika la WIETA, lililoanzishwa 2002, linachunguza mashamba namna yanavyotendea watumishi: mushahara, nyumba, dawa za kupulizia. Chupa za mashamba yaliyokubaliwa zinaweza kubeba alama yake. Iko ndogo, karibu na kifuniko ao nyuma ya chupa. Isipokuwepo, mwenye kumimina anaweza kuulizwa watu wa shamba hilo wanalala wapi na wanalipwa ngapi.