Sura ya Sita: Minazi Tisini na Sita

Kisiwani Mafia mnazi waweza kuwa mali ya mtu huyu ilhali ardhi uliposimama ni ya wengine, na kwa sababu hiyo mirathi katika kijiji cha Kirongwe aghalabu huhesabiwa kwa mashina. Tuseme marehemu, baada ya madeni kulipwa na wasia kutekelezwa, ameacha mjane, mwana mmoja wa kiume, mabinti wawili na minazi 96. Kwa sheria ya Kiislamu mjane, kwa kuwa watoto wapo, hupata thumuni, yaani sehemu moja ya nane, ambayo ni minazi 12. Hubaki 84, na kwa kuwa fungu la mwana wa kiume ni sawa na la mabinti wawili, mali hiyo hukatwa mafungu manne ya minazi 21, mwana akatwaa 42 na kila binti 21. Mwenye kuisikiliza hesabu hii barazani akaifuata hadi mwisho amekwisha kutegua mlinganyo, ingawa hakuna aliyeandika herufi ubaoni. Wala si ajabu, maana Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika huko Baghdad katika karne ya 9 kitabu kilichoipa aljebra jina lake, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya mirathi na wasia.

Kijana aliyeisikiliza hesabu hiyo barazani, akifika kidato cha nne, yamkini ataanguka Hisabati, kwani katika mitihani ya mwaka 2021 na 2022 waliofaulu somo hilo nchini walikuwa takriban mmoja tu katika kila watano. Sababu zake zajulikana: uchache wa walimu, madarasa yaliyofurika, na kule kuhama ghafla kutoka Kiswahili cha shule ya msingi hadi Kiingereza cha sekondari, ambako thumuni aliyoizoea humjia katika vazi geni. Walakini masomo mengine humbeba, naye huingia chuoni kusomea ualimu, uuguzi au uhasibu. Na hapo ndipo mkufunzi hugundua kwamba mwanachuo wake hawezi kujumlisha sehemu zenye asili tofauti.

Dawa iliyozoeleka mahali pengi duniani ni kumrudisha nyuma, asome tena yale yale, kwa utaratibu ule ule uliomshinda, na asiruhusiwe kugusa somo la chuo mpaka ayamalize. Dawa hii ina adili ya juu juu, nayo hudhuru kwa njia mbili: humla mtu muda na ada, na humthibitishia kwamba yeye ni mjinga kwa hati rasmi. Wengi hawaanguki katika mafunzo hayo rekebishi, huondoka tu.

Dawa nyingine imekwisha kujaribiwa. Mwaka 2013, katika vyuo vitatu vya Chuo Kikuu cha Jiji la New York, mtafiti Alexandra Logue na wenzake waligawa kwa bahati nasibu wanachuo 907 waliokuwa wamehukumiwa kuanza na aljebra ya awali. Kundi la kwanza lilisoma aljebra hiyo kama ilivyokuwa desturi, wakafaulu asilimia 39. La pili lilisoma aljebra hiyo hiyo pamoja na kipindi cha msaada kila juma, wakafaulu asilimia 45. La tatu liliingizwa moja kwa moja katika takwimu za ngazi ya chuo, nalo likiwa na kipindi cha msaada, wakafaulu asilimia 56. Mpinzani atasema takwimu ni nyepesi kuliko aljebra, na hoja hiyo haifai kupuuzwa. Ila waliofuatiliwa baadaye katika kundi hilo la tatu walionekana kumaliza chuo kwa wingi zaidi, na kwa muuguzi atakayesoma majedwali ya wagonjwa, takwimu ndiyo hesabu atakayoihitaji.

Kabla ya hapo, Uri Treisman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa amechunguza kwa nini wanafunzi Weusi wenye bidii walishindwa hesabu za kalkulasi, akakuta kwamba walisoma kila mtu peke yake, ilhali wenzao wa asili ya Kichina walikutana jioni kusahihishana. Treisman hakuwapa wanafunzi hao Weusi masomo mepesi. Aliwakusanya akawapa maswali magumu zaidi. Mtu aliyelelewa katika darsa za misikiti ya pwani, ambako watu husoma pamoja, hatastaajabu. Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipoanzisha mwishoni mwa miaka ya 1990 mafunzo ya awali kwa wasichana waliokaribia sifa za kuingia sayansi, kilikubali kwamba alama ya mtihani mmoja si kipimo timilifu cha akili.

Kwa hiyo, lau ningeulizwa namna ya kulipanga somo la Hisabati katika chuo kinachopokea vijana wa Mafia, ningewaingiza wote katika somo lenyewe tangu juma la kwanza, nikawaongezea saa mbili za kukaa wanne wanne, na swali la kwanza lingekuwa minazi 96: lizungumzwe kwa Kiswahili hadi kila mmoja aeleze thumuni imetoka wapi, kisha liandikwe kwa Kiingereza, fungu la binti likiitwa x, mpaka 4x = 84 isimame ubaoni. Juma la pili marehemu angekuwa hana mtoto, mjane apate robo, na ajitokeze ndugu wa marehemu kudai kilichobaki. Kikwazo kikubwa hakipo katika hesabu hizo bali katika ratiba, maana saa hizo mbili hazina mkufunzi aliyepangiwa wala malipo yake hayamo katika bajeti, na mkuu wa chuo asiye na walimu wa kutosha kwa vipindi vya kawaida ana haki ya kuuliza nani atakayezisimamia. Jibu langu ni wanachuo wa mwaka wa pili waliofaulu wakitokea hali hiyo hiyo, walipwe posho, na mkufunzi mmoja apite baina ya makundi.