Hesabu Kwanza, Kisu Baadaye

Tangu nchi hii ilipopata Uhuru wake katika mwaka 1961, tumefundishwa kwamba maadui zetu ni watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Mara nyingi twawataja mmoja mmoja, kana kwamba kila mmoja anakaa katika nyumba yake. Kwa hakika maadui hao hutembea pamoja. Mtu akiugua pasipo kuwa na hesabu hufilisika, na akiisha kufilisika maradhi humrudia kwa nguvu mpya. Leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu wa Mkoa wa Songwe juu ya mahali pamoja ambapo maadui hao wote hukutana, yaani pale mtu mwenye unene uliopita kiasi anapokata shauri kupasuliwa ili uzito wake upungue.

Wako watakaosema kwamba jambo hilo ni la wakubwa wa Dar es Salaam, wala halituhusu sisi wa Tunduma, Vwawa au Ileje. Twawaomba watazame barabara inayopita mbele ya milango yao. Tunduma ni mlango wa nchi. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupanga mstari hapo usiku na mchana. Dereva hukaa juu ya usukani kwa saa nyingi, naye mfanyabiashara hukaa dukani tangu alfajiri mpaka giza liingie, hali chipsi, nyama ya kuchoma na soda zimo mkononi mwao wakati wote. Uchunguzi wa afya ya wananchi uliofanywa nchini mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 28 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Unene ambao wazee wetu waliuita neema sasa umekuja na wenzake: kisukari, shinikizo la damu na maumivu ya magoti.

Matibabu yenyewe

Yafaa kwanza tujue ni kitu gani tunachokinunua. Upasuaji huu si kukata mafuta ya tumboni. Kwa njia moja inayotumika sana, daktari huondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kama sehemu 80 katika 100, na kuacha mfereji mwembamba. Kwa njia nyingine hukifanya chakula kipite kando, kisipite katika sehemu kubwa ya mfuko huo wala katika mwanzo wa utumbo. Tena liko puto linaloingizwa kwa kinywa bila kisu, likakaa tumboni kwa miezi kadhaa, kisha likatolewa. Huduma za namna hii zamani zilikuwa zikifuatwa ng'ambo. Katika miaka ya karibuni zimekuwa zikitolewa hapa nchini katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, upande wa Mloganzila, katika majengo yaliyozinduliwa mwaka 2017.

Wala si kila mnene anayefaa kupasuliwa. Kipimo ni hiki: chukua uzito kwa kilo, ugawanye kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo. Mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 103 atapata zaidi kidogo ya 40. Kwa miaka mingi madaktari walimfikiria mtu aliyefika 40, au 35 akiwa tayari ana maradhi yatokanayo na unene. Katika mwaka 2022 vyama vya wapasuaji wa kazi hiyo, cha Marekani na cha kimataifa, vilishauri kwamba 35 inatosha hata bila ya maradhi hayo. Basi anayetaka kupungua kilo 8 kwa ajili ya harusi, shauri lake liko katika sahani na katika miguu yake, na fedha zake azitumie kwa mambo mengine.

Fungu la kwanza: kabla ya kisu

Kosa kubwa la watu wengi ni kuuliza bei ya upasuaji peke yake. Wakiisha kuambiwa, huiandika katika karatasi, hutafuta fedha za kiasi hicho, na hudhani kwamba kazi imekwisha. Kumbe gharama hii ina mafungu matatu, na kisu ni fungu la katikati tu.

Fungu la kwanza ni la maandalizi. Kabla ya kulazwa mgonjwa hupimwa damu, moyo na sukari, huonana na mtaalamu wa lishe, na huamriwa kubadili chakula chake. Toka Tunduma hata Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 900. Mgonjwa hawezi kwenda peke yake, ni lazima awe na ndugu wa kumsindikiza. Tuseme safari zote, za vipimo, za upasuaji na za kurudi kuangaliwa, ni 4. Watu 2, kwenda na kurudi, hizo ni nauli 16. Ongeza malazi ya yule msindikizaji na chakula chake. Asiyeandika nauli hizo 16 atajikuta amesimama katika Kituo cha Magufuli pale Mbezi akipiga simu nyumbani kuomba atumiwe fedha.

Pengine baadhi ya vipimo vinaweza kufanywa karibu, katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe, au Mbeya, yapata kilometa 100 tu. Mgonjwa na aulize mapema, kwani kipimo kimoja kilichofanyiwa karibu na nyumbani kinaweza kuokoa safari nzima.

Fungu la pili: siku za kitandani

Hapa ndipo ilipo bei ya hospitali yenyewe. Iombwe kwa maandishi. Mgonjwa aulize kama ndani yake zimo dawa ya usingizi, kitanda, dawa za kwenda nazo nyumbani na siku za kurudi kuangaliwa. Mwenye bima aulize, kwa maandishi vile vile, kama upasuaji huu umo au haumo katika mafao yake. Neno la jirani, hata akiwa mwaminifu namna gani, halilipi ankara.

Lakini limo katika fungu hili jambo ambalo halimo katika karatasi ya hospitali, nalo ni kufungwa kwa biashara. Baada ya upasuaji mtu hukatazwa kunyanyua vitu vizito kwa wiki kadhaa, mara nyingi 4 hadi 6. Mwenye kuuza nguo za kukunja ataweza kurudi mapema. Lakini mama anayeuza mahindi na mchele, ambaye kila siku huinua magunia, atafanyaje? Ama aajiri kijana, ama afunge. Ujira wa kijana huyo na kodi ya chumba cha duka ni gharama za upasuaji, sawasawa na uzi wa daktari.

Hapo ndipo tunapotoa onyo letu la kwanza: mtaji usiguswe. Mfanyabiashara wa Tunduma anayechukua fedha za kununulia mzigo akazilipa hospitalini, hurudi nyumbani akiwa mwepesi wa mwili na mwepesi wa mfuko. Duka ndilo litakalomlisha na kumnunulia dawa. Akiliua, amekata tawi alilokalia.

Onyo la pili ni juu ya mikopo ile ambayo wananchi wenyewe wameiita kausha damu, na jina hilo wamelichagua vyema. Tuseme mtu amekopa shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, naye hana uwezo ila wa kulipa riba tu. Baada ya miezi 6 atakuwa ametoa riba ya shilingi 1,200,000, na deni la kwanza bado limesimama pale pale. Kukopa harusi, kulipa matanga. Tena mgonjwa aliyetoka kupasuliwa, ambaye anahitaji usingizi na utulivu, atashinda akisikiliza kama mlango unabishwa.

Njia iliyo salama ni ndefu, lakini inafika. Anayeweka shilingi 5,000 kwa siku, siku 6 za wiki, katika wiki 52 atakuwa na shilingi 1,560,000. Fedha hizo ziwekwe katika chama cha akiba na mikopo au benki, katika akaunti yake peke yake, zisichanganywe na fedha za mzigo. Ziandikwe, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Na kwa kuwa sisi wa mpakani twashika shilingi kwa mkono mmoja na kwacha kwa mkono wa pili, akiba ya matibabu na iwe ya shilingi. Hospitali itadai shilingi, na kwacha hupanda na kushuka bila ya kutuuliza.

Fungu la tatu: maisha yote

Fungu hili la mwisho ndilo linalosahauliwa, nalo ndilo refu kuliko yote. Mtu aliyepunguzwa mfuko wa chakula hala tena kwa wingi, na mwili wake haupati viini vyote unavyovihitaji. Kwa sababu hiyo huamriwa kumeza vitamini na madini, kama chuma, chokaa na vitamini B12, kwa miaka yote iliyobaki. Asipofanya hivyo damu hupungua, mifupa hudhoofika, na mishipa ya fahamu huweza kuharibika. Damu yake itapimwa tena na tena. Kidogo anachokula kiwe chakula cha kujenga mwili: mayai, samaki, maharage, nyama isiyo na mafuta. Pombe humlevya upesi kuliko zamani. Mwanamke hushauriwa aahirishe mimba kwa miezi 12 hadi 18. Na nguo zote zitampwaya, hata viatu pengine.

Wako wanaodhani kwamba gharama hizi zitalipwa na chakula kitakachopungua nyumbani na dawa za kisukari zitakazoachwa. Ni kweli kwamba wagonjwa wengi kisukari chao hutulia baada ya upasuaji, lakini si wote, na wengine humrudia baada ya miaka. Dawa huachwa kwa amri ya daktari, na fedha yake huhesabiwa kuwa faida baada ya kuachwa. Vile vile aliyewekewa puto akumbuke kwamba puto litatolewa, na kama desturi ya kula haikubadilika uzito utarudi, na fedha zimekwenda.

Mkulima wa kahawa wa Mbozi na mkulima wa mpunga wa Kamsamba wana jambo lao la kuangalia. Mazao yao hulipa kwa msimu, lakini mwili ulio na masharti hudai kila mwezi. Siku fedha za kahawa zinapoingia, zigawanywe palepale: fungu la vitamini na vipimo vya miezi 12 liwekwe kando kabla ya mabati, kabla ya pikipiki, kabla ya karamu. Na pembeni iwekwe nauli moja ya dharura ambayo haiguswi, kwani maumivu makali ya tumbo kwa mtu aliyepasuliwa si ya kungojea mnada.

Jamaa na jirani

Mtu asifanye hesabu hii peke yake gizani. Mume na mke waketi, waifungue daftari, wakubaliane. Matibabu yanayofanywa kwa siri hulipwa kwa ugomvi. Tena ndugu na majirani wana wajibu wao. Mwanamke aliyepungua kilo 30 kwa mwaka hutazamwa kwa jicho baya, na midomo husema ana ugonjwa fulani. Akiwa ni mama lishe, maneno hayo huwafukuza wateja wake, na hapo uvumi umegeuka kuwa hasara ya shilingi na senti. Wale waliokuwa wakimcheka kwa unene wasije wakamfilisi kwa wembamba.

Kwa upande wa wenye mamlaka, twaona yafaa jambo moja litazamwe. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote katika mwaka 2023, na nia yake ni kwamba mwananchi asiuze shamba ili apone. Unene uliofika kiasi cha kuua ni maradhi, si anasa wala urembo. Basi yaelezwe wazi, kwa lugha ya mkulima na ya mchuuzi, ni matibabu gani yanalipiwa na ni yapi hayalipiwi, ili kila mtu ajue tangu mwanzo mzigo wake ni upi. Na vyama vyetu vya ushirika, vinavyojua kuweka akiba ya mbolea, vingeweza kuwafundisha wanachama kuweka akiba ya mwili.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba fedha si msingi wa maendeleo. Msingi ni watu. Fundisho hilo halina maana kwamba fedha zitumiwe ovyo, bali kwamba zimtumikie mtu. Anayetaka kupasuliwa ili aishi awalee wanawe, twamtakia heri na mkono mwepesi wa daktari. Lakini kabla hajapanda basi pale Tunduma, achukue karatasi, aigawanye mafungu matatu, na ajaze yote matatu. Fungu la tatu likibaki tupu, asipande bado.