Ulinzi wa Mji ni Kazi ya Wote

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya ulinzi wa mji mdogo, na hasa juu ya mkubwa wa polisi aliyewekwa kuuangalia. Watu wengi hudhani kwamba ulinzi ni kazi ya askari peke yao, na raia hana sehemu ila kulala usingizi. Sivyo hata kidogo. Askari kumi hawawezi kuona kila kichochoro. Wenyeji ndio waonao. Basi mkubwa wa polisi mwenye akili hujiuliza kwanza: Je, waliyoyaona wataniambia, ama wataninyamazia?

Na tutazame Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, nchi ya Waha. Mahali hapo paliwekwa kambi mwaka 1996, kwa ajili ya Wakongo wa Kivu ya Kusini waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita. Mwaka 2015 Warundi wakaja kwa maelfu, hata hesabu ya watu ikapita 150,000. Mahali penye watu wengi hivyo ni mji, ijapokuwa nyumba zake ni za udongo na turubai. Tena wengi wao walikuwa wamekwisha kuona katika nchi zao watu wenye sare na bunduki wakiwanyang'anya mali na kuwaua ndugu zao. Mtu wa namna hiyo amwonapo askari hamkimbilii, bali humkimbia. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Polisi wa Tanzania waliowekwa hapo walikuwa wachache kuliko kazi yao. Kwa hiyo wakimbizi walitoa walinzi miongoni mwao wenyewe, nao wakaitwa sungusungu. Hao walizijua njia, lugha na tabia za majirani zao. Walizunguka usiku, na mhalifu waliyemkamata iliwapasa kumpeleka kwa polisi.

Jina hilo halikuanzia Nyarugusu. Sungusungu ni chungu mweusi mwenye kuuma sana, naye haendi peke yake. Wasukuma na Wanyamwezi wa pande za Kahama walijikusanya kwa jina hilo katika miaka ya 1981 na 1982, ili kuwapinga wezi wa ng'ombe na wanyang'anyi. Walisaidia sana. Lakini baadhi yao walipita kiasi. Waliwapiga watuhumiwa, wakawaua watu, hata vikongwe waliosingiziwa uchawi. Mwisho, sheria ya mwaka 1989 iliwatia katika utaratibu wa mgambo, ili nguvu zao ziwe na mipaka.

Hapa pana fundisho kubwa. Raia akamate, lakini asihukumu. Mkubwa wa polisi akiwadharau walinzi wa watu, atakuwa kipofu. Akiwaachia kila jambo, fimbo itakuwa ndiyo hakimu. Kazi yake ni kukaa nao, kuwasikiliza na kuwafundisha sheria, na kumpeleka barazani yeyote avunjaye sheria, hata akiwa mlinzi, hata akiwa askari wake mwenyewe. Watu wakiona kwamba hamfichi askari mwovu, ndipo watakapomwamini.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1829 Robert Peel alipoanzisha polisi wa London, watu wengi waliwachukia, wakidhani ni jeshi la kuwaonea. Kwa hiyo askari hao walivikwa nguo za buluu, wasifanane na wanajeshi wenye nguo nyekundu. Na kila mmoja alitiwa namba shingoni mwa koti, ili raia aliyeonewa aweze kumtaja aliyemwonea. Tazameni busara hiyo: askari alipewa nguvu, na raia akapewa njia ya kumshtaki.

Sasa tutoe mfano wa kuni. Wanawake wa Nyarugusu walikwenda nje ya kambi kutafuta kuni, na baadhi yao walishambuliwa na kunajisiwa porini. Lakini sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 ilikataza mtu kutoka kambini pasipo ruhusa. Fikirini basi taabu ya mwanamke huyo: akienda kushtaki, huenda akaulizwa kwanza, "Ulifuata nini huko?" Akinyamaza, mwovu atangojea mwingine njiani. Mkubwa wa polisi mwenye kuwajali watu hutengua neno la kwanza. Humpokea kwa heshima, humsikiliza faraghani mbele ya askari mwanamke, humpeleka kwa mganga, ndipo humtafuta mhalifu. Kwa sababu hiyo vituo vya polisi vya Tanzania vilifunguliwa madawati ya jinsia na watoto.

Wala haitoshi kumkamata mmoja. Wenyeji wa vijiji vya jirani, kama Makere, nao wana malalamiko yao juu ya miti iliyokatwa na mazao yaliyoibwa. Yafaa wazee wa pande zote mbili waitwe pamoja, waseme mbele ya polisi, kabla panga halijasema. Na Kiswahili kipo cha kuwapatanisha Mha, Mbembe na Mrundi.

Inspekta Jenerali Said Mwema, aliyeshika ukubwa wa polisi wa Tanzania mwaka 2006, aliieneza kazi ya namna hii kwa jina la polisi jamii. Jina ni jema, lakini jina halilindi mlango. Ndugu zetu, mkubwa wa polisi apimwe si kwa wingi wa waliofungwa, bali kwa jambo hili: mnyonge wa mji wake, apatapo kudhulumiwa usiku, akimbilia kituoni, ama akipita mbali? Akikimbilia kituoni, mji huo una ulinzi.