Simulizi Haizaliwi na Kamera

Msafiri atokaye Nakuru kuelekea Eldoret, akishaipita Burnt Forest, hufika Cheptiret, kituo cha biashara ambapo njia ya kwenda Kesses huiacha barabara kuu. Njia hiyo ndiyo iendayo Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka wa 1984, ambako vijana wengi wamesomea uanahabari. Kijana ashukaye garini Cheptiret leo ana simu mfukoni ipigayo picha, inasayo sauti, irekodiyo filamu na kupeleka maandishi popote duniani. Zamani kazi hizo zilihitaji watu kadhaa na gari zima la vyombo. Hata hivyo, wingi wa vyombo haujamjibu msimulizi swali lake la kale: msukumo wa kusimulia utoke wapi?

Aghalabu vijana wetu huutafuta ng'ambo. Hutazama filamu fupi za mashirika makubwa ya habari, wakaiga mikato ya picha na muziki wake, kisha wakashangaa kwamba kazi yao haimgusi mtu. Rai yangu ni kwamba msukumo hutoka kwa watu wanaosimuliwa, na simulizi haijakamilika mpaka watu hao wenyewe waione na kuisikia.

Mfano mmoja uko karibu nasi. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki kutoka Afrika Kusini, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis akiwa na mitambo ya kurekodi. Huko aliwakuta watu waliokwisha kusikia santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani. Jina la mwimbaji huyo walikuwa wameligeuza likawa Chemirocha, na mwenyewe wakamfanya kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu paa, ambaye wasichana walimwimbia wakimwalika ngomani. Ndugu msomaji, hebu litafakari jambo hilo. Chombo kilikuwa cha kigeni na sauti ilikuwa ya kigeni, lakini wasichana wa Kapkatet hawakuiga. Waliipokea sauti ile wakaitungia hadithi yao, kwa lugha yao na kwa mdundo wao. Huo ndio ubunifu. Kanda zile, hata hivyo, zilihifadhiwa Afrika Kusini, na ilipita miaka zaidi ya 60 kabla ya kurudishwa kwa watu wa Kapkatet. Ulimwengu uliusikia wimbo huo, ilhali wengi wa wenyewe walizeeka bila kuusikia tena.

Upungufu wa namna hiyo unaonekana hata katika kazi iliyo tukufu. Mohamed Amin, mpiga picha aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1943, alikwenda Korem nchini Ethiopia mwezi wa Oktoba 1984 pamoja na mtangazaji Michael Buerk. Filamu yao juu ya njaa ilionyeshwa na BBC tarehe 23 Oktoba, ikaenea katika nchi nyingi na kuchochea misaada mikubwa. Mwaka wa 1991 Amin alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, naye akarudi kazini na mkono wa bandia, mpaka alipofariki mwaka wa 1996 katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara na kuanguka karibu na Komoro. Ushujaa wake haupingiki. Lakini mtu akiitazama tena filamu ya Korem, atatambua kwamba sauti itawalayo ni ya mtangazaji kutoka Uingereza. Wenye njaa wanaonekana, ila sauti yao haitawali.

Katika nyanda zetu suala la nani anasimulia, na kwa uaminifu gani, limekwisha kugharimu maisha ya watu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, serikali ilipiga marufuku utangazaji wa moja kwa moja. Uvumi ukachukua nafasi ya habari, ukisafiri kwa ujumbe mfupi wa simu kutoka kijiji hadi kijiji. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika siku zile msemo huo uligeuka sumu, kwa kuwa lililosemwa kuhusu jirani liliaminiwa kabla ya kuchunguzwa. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje ya mji wa Eldoret, lilitiwa moto na wanawake na watoto waliokimbilia humo wakaangamia. Nchini kote watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha.

Katika mwezi huo huo Ory Okolloh, Juliana Rotich, David Kobia, Erik Hersman na wenzao walianzisha tovuti ya Ushahidi. Mwananchi aliyeona tukio aliweza kupeleka habari kwa simu au kwa intaneti, na habari hiyo ikawekwa kwenye ramani ili mahali na siku vijulikane. Simu ile ile iliyobeba uvumi ikabeba sasa neno la shahidi. Miaka 2 baadaye programu hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010. Ni uvumbuzi uliotokana na haja ya nyumbani, na jina lake la Kiswahili likavuka bahari. Shahidi huulizwa alikuwa wapi, aliona nini na alijuaje. Mvumishaji haulizwi lolote. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa uanahabari, uwe wa wino au wa kamera.

Upo pia ukimya ulio hatari kama uvumi. Eneo la Eldoret husimuliwa zaidi kwa mambo mawili: fujo za uchaguzi na ushindi wa mbio. Agnes Tirop alijulikana kwa hilo la pili. Tarehe 12 Septemba 2021, huko Ujerumani, alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani katika mbio za wanawake peke yao, kwa dakika 30 na sekunde 1. Mwezi mmoja baadaye, akiwa na umri wa miaka 25, aliuawa nyumbani kwake Iten. Picha zake akikata utepe zilikuwa tele, lakini yaliyokuwa yakimsibu nje ya uwanja wengi wetu hatukuyajua. Wenzake waliunda shirika la Tirop's Angels ili wanawake wanaodhulumiwa wapate pa kusemea. Mwanahabari anayetafuta msukumo na aanzie pale ambapo picha ya ushindi inaishia.

Basi kijana wa Cheptiret afanyeje? Achukue jambo moja, tuseme maziwa. Amfuate mfugaji tangu alfajiri mpaka maziwa yanapopokewa. Picha ionyeshe matope ya njia na mikono iliyoshika ndoo. Sauti imwachie mfugaji aseme mwenyewe, kwa lugha aliyoizoea, na kigugumizi chake kisikatwe. Maandishi yafanye kazi isiyowezwa na picha wala sauti: hesabu ya bei, gharama ya chakula cha ng'ombe, na siku ambazo malipo yalichelewa. Kila chombo kikishika zamu yake, hakuna kitakachorudia maneno ya mwenzake. Na kazi ikiisha, airudishe sokoni, wasimuliwa waitazame, waseme palipo kweli na palipopotoka. Akirekebishwa, ashukuru, maana amepewa maarifa ambayo chumba cha habari hakina.

Najua wahariri watasema kwamba kazi ya namna hiyo ni ya polepole na magazeti hayana fedha. Hoja hiyo ina uzito, kwani mishahara ya waandishi wa mashinani ni midogo na wengine hulipwa kwa habari moja moja. Lakini habari ya haraka isiyo na shahidi ilikwisha kutugharimu zaidi ya fedha. Mhariri na amruzuku mwandishi wake nauli na siku 3 za kusikiliza. Vyuo navyo vipime kazi ya mwanafunzi kwa jambo moja la ziada: je, waliosimuliwa wameiona?

Vijana wetu wana vyombo ambavyo Mohamed Amin hakuwa navyo. Wana pia majirani wa makabila mbalimbali ambao bado hawajaambiana yote yaliyowapata mwaka wa 2008. Kazi hiyo haimngojei mgeni aje na mitambo yake. Inaweza kuanza katika soko la Cheptiret, kwa kijana kuketi, kusalimu na kusikiliza kabla ya kuitoa simu mfukoni.